Mlio Asiousikia Jecha

Siku gari jipya la Bwana Abrahman lilipowashwa kwa mara ya kwanza mbele ya duka lake pale Wete, kila mtu aliyekuwa barazani aligutuka isipokuwa dereva. Palitoka mlio wa ajabu, kukwaruza na kugonga kwa pamoja, halafu injini ikatulia na kunguruma kwa upole. Watu wakatazamana. Jecha Pandu, aliyekaa nyuma ya usukani na kofia yake mpya kichwani, alikuwa akitabasamu.

"Nini hicho?" aliuliza Bwana Abrahman.

Jecha aliiona midomo ya tajiri wake ikicheza, akaziona na nyuso za watu, akajua ameulizwa jambo. Akatoa jibu ambalo mara nyingi lilimfaa.

"Inshaallah, bwana."

Watu wakacheka wakidhani anafanya mzaha, naye akacheka nao. Lakini mgongo wake ulikuwa umelowa jasho.

Jecha alikuwa mtu wa Limbani, mrefu, mpole, na wengi walimsifu kwa utulivu wake. Hakuwa mtu wa kubishana mabarazani, hata miaka ile ambapo siasa ndiyo kwanza ilikuwa inaingia na watu kuacha kununuliana mikate kwa ajili ya vyama. Walimwona mtu wa heshima anayechunga ulimi wake. Hawakujua kwamba alikuwa hawasikii. Homa ilimlaza mwaka mmoja wakati wa masika, akapewa dawa ya kwinini nyingi ili aokoke, akaokoka. Alipoinuka kitandani masikio yalikuwa yakivuma. Mvumo ule ulikaa miezi, kisha ukapungua, na kila ulipopungua uliondoka na sauti za dunia kidogo kidogo. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na kivuli tu cha sauti, mtu akimsemea karibu na kwa nguvu, na kivuli hicho nacho kikazidi kufifia mpaka kikatoweka.

Aliyejua ni mkewe, Mwanapili, peke yake. Yeye ndiye aliyemfundisha kutazama midomo, na ndiye aliyemwambia asiwe na haraka ya kujibu. Na kazi ya udereva ilimruhusu kujificha. Lori la zamani la Bwana Abrahman, lililokuwa la jeshi, lilikuwa likitetemeka mpaka meno ya dereva yakagongana. Likiwaka, ulijua kwa makalio yako. Abiria akitaka kushuka, Safari, utingo wake, alipiga ubao wa bodi kwa kiganja, na pigo lile Jecha alilipata mgongoni kupitia kiti. Alikwenda Chake na Mkoani na kurudi, mvua na jua, bila ya mtu kushuku.

Gari jipya ndilo lililomharibia. Liliposhushwa melini Mkoani lilikuwa kichwa, injini na vyuma virefu nyuma; bodi ya mbao alilijengea seremala wa Wete, akaipaka rangi ya kijani. Injini yake ilikuwa laini. Jecha akivuta kishikio cha stata hakuweza kujua kama imewaka au bado. Alikuwa akishikilia na kungoja, akitazama mishale ya dashibodi na nyuso za watu, halafu akaachia kwa kubahatisha.

Habari za mlio zikaenea Wete nzima. Bi Mwanakhamis, aliyekuwa akiuza mikate karibu na duka, alisema ni sawasawa na mbuzi ya kukunia nazi inapoburutwa sakafuni. Safari alisema hapana, ni nyundo. Wapo waliosema gari limekaliwa na jini, lisomewe. Wengine, kwa kunong'ona, walisema limetiwa mkono na watu wa chama kile kingine, na wakaanza kumtazama vibaya seremala, ambaye alijulikana upande wake. Yule seremala akaacha kupita njia ya dukani.

Ndipo Bwana Abrahman alipomwita Fundi Mgeni kutoka Chake. Fundi alikuja na mfuko wake wa spana, akaingia chini ya gari, akaifungua stata, akaitazama kwenye mwanga, akaisafisha, akairudisha. Jecha alisimama pembeni bila kuondoa macho kwenye mdomo wake.

"Stata nzima," alisema Fundi Mgeni akipangusa mikono kwa kitambaa. "Lakini meno yake yameanza kuliwa, na gari jipya hili. Bwana Abrahman, hapa hapana jini wala adui. Ni mkono wa dereva. Injini imeshawaka, yeye bado anashikilia. Ntu mwenye masikio hawezi kufanya hivi."

Neno *masikio* Jecha aliliona waziwazi likitoka mdomoni. Aliinamisha macho akajifanya anatazama tairi.

"Jecha, umesikia aliyosema fundi?" aliuliza tajiri wake.

"Nimesikia, bwana."

"Basi tengeneza mkono wako."

Usiku na mchana Jecha aliyawaza maneno yale. Fundi hakumsingizia, hilo ndilo lililomkata maini. Alianza kuwaza kwamba kila asubuhi, mbele ya watu wote, gari lilikuwa likipiga kelele kuwaambia siri yake, na yeye peke yake hasikii linavyosema. Aliacha kula vizuri. Akipita na abiria nyuma, aliwaza mtoto anayelia njiani, baiskeli inayopiga kengele, mtu anayepiga ukelele kwamba nyuma pana kitu. Mambo haya alikuwa ameyafungia mlango kwa muda mrefu. Sasa mlango haukufungika tena.

"Labda ni miye kweli, Mama Hija," alimwambia mkewe walipokuwa wamekaa uani.

Mwanapili akamgeuza uso ili aone mdomo wake. "Labda si weye. Usijihukumu kwa jambo usilolisikia. Miye ninayo masikio. Nipeleke garini."

Wakaenda alasiri, wakati watu wako msikitini na gari limeegeshwa kando ya duka. Mwanapili alipanda akajikunja katika buibui lake kiti cha mbele, akaweka mkono wake begani kwa mumewe. Walikuwa wamepatana: gari likikwaruza atamkwaruza kwa kucha, likigonga atampiga kwa kiganja, na injini ikishika atamfinya.

Jecha akavuta kishikio. Akasikia kucha begani, ndefu, zenye kuuma, halafu makofi mawili mazito.

Wakazima, wakarudia. Mara hii Mwanapili alimfinya mapema, na Jecha akaachia papo hapo. Kucha hazikuja. Lakini makofi mawili yalikuja vilevile: ngo, ngo. Na wakati makofi yale yanaanguka begani mwake, Jecha alihisi jambo jingine. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegusa pedeli ya mafuta kidogo tu, na pedeli ilimkimbia. Ilishuka yenyewe chini ya unyayo wake, kisha ikarudi.

"Umekosea," alimwambia mkewe. "Nimeachia mapema, mbona umenipiga?"

"Sikukosea. Kukwaruza kumekwisha, hilo lilikuwa lako. Huku kugonga ni kwa mwingine."

Alikuwa anataka kurudia mara nyingine, lakini Mwanapili aliondoa mkono wake ghafla. Bwana Abrahman alikuwa amesimama dirishani.

"Mama Hija! Umekuja kujifunza udereva?"

Waliokuwa wakitoka msikitini wakacheka. Mwanapili akajifunika uso, akashuka, akaenda zake. Bwana Abrahman hakucheka. Alimsogelea Jecha akasema taratibu, na Jecha ikambidi akaze macho kuyapata maneno. Harusi ya binamu yake tajiri ilikuwa inakaribia, huko Chake. Jamaa wote wa kike wangekwenda kwa gari hili, pamoja na mama yake mzazi. Hataki aibu ya mlio mbele ya watu. Amemwita dereva mwingine, Ngwali wa Gando, aendeshe.

"Pumzika kidogo, Jecha. Siyo kwamba nimekufukuza."

Jecha akakabidhi ufunguo.

Asubuhi ya safari mbele ya duka palikuwa na shangwe. Gari limefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe, mabenchi ya bodi yamejaa wanawake na harufu ya udi, sinia za vitumbua na mapochopocho zimefunikwa chini ya miguu. Bi Mwanawema, mama yake Bwana Abrahman, alipandishwa kiti cha mbele kwa heshima, akakaa ameshika mkoba wake mapajani. Mwanapili naye alikuwemo nyuma, amealikwa kwa ajili ya kusaidia jikoni. Jecha alikuja kumsindikiza, na kwa kweli alikuja kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani. Alisimama karibu na boneti, mkono juu ya chuma, kama mtu anayemuaga ng'ombe wake aliyeuzwa.

Ngwali, kijana wa maneno machache aliyezoea magari ya Mkoani, akavuta stata na kuachia.

Papo hapo wanawake wakapiga vigelegele vilivyofunika kila sauti nyingine. Jecha hakuvisikia, ila aliviona. Aliiona midomo iliyofunguka, akamwona Bi Mwanakhamis akipiga makofi na kumnyooshea yeye kidole, akaona watu barazani wakiambiana: kumbe ni dereva! Kukwaruza kumekwisha. Bwana Abrahman alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha na kwa kumsikitikia.

Uso wa Jecha ulimwaka. Alitaka kugeuka aondoke. Lakini kiganja chake kilichokuwa juu ya boneti kilikuwa kimepokea mapigo mawili. Ngo, ngo. Yaleyale ya Mwanapili.

Akabaki ameganda. Ngwali hakushikilia stata, na bado kitu kimegonga. Basi si mkono wa dereva yeyote. Kitu gani kinagonga injini inapoanza tu, halafu kinanyamaza? Akaikumbuka pedeli iliyokimbia mguu wake, na mambo mawili yakakutana kichwani. Chuma cha pedeli kimeungana na injini. Pedeli haiwezi kushuka yenyewe ila injini iende. Injini inanyanyuka! Inajitupa juu ikishtuka, inarudi inagonga kitanda cha chuma inachokalia, na ikinyanyuka inajivutia mafuta yenyewe.

Na mbele yao kulikuwa na vilima vya njia ya Chake. Gari limejaa, Ngwali atatia gia nzito apande, injini itakaza nguvu, itainuka, itajifungulia mafuta, na kadiri inavyojifungulia ndivyo itakavyozidi kuinuka. Kisha kona, na chini ya kona bonde.

"Zima!" alisema Jecha.

Ngwali akamwashiria apishe. Jecha akazunguka akasimama mbele ya gari, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Zima, nakwambia! Lisiondoke!"

Vigelegele vikakatika. Bwana Abrahman alikuja nyuma yake, uso umeiva. "Jecha! Ondoka njiani! Unanitia aibu mbele ya mama yangu!"

Jecha hakugeuka. Alikuwa ameinama, sikio lake la kushoto karibu na chuma, vidole vinatafuta kitasa cha boneti. Bwana Abrahman akapiga kelele tena, karibu zaidi, na bado Jecha hakugeuka. Mwanapili, kule nyuma, aliona kinachokuja. Akasimama akitaka kupita baina ya wanawake ashuke, lakini miguu na sinia zilimzuia.

Ngwali akachoka kungoja. Akapiga honi.

Muuza kahawa aliyekuwa mbali alishtuka akamwaga kikombe. Watoto walikimbia. Na Jecha, ambaye kichwa chake kilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwenye honi ile, hakupepesa hata jicho. Alihisi chuma kikitetemeka chini ya viganja, akadhani ni injini. Akaendelea kutafuta kitasa.

Ngwali akapiga tena, kwa muda mrefu, halafu mwenyewe akaondoa mkono wake kama aliyejiunguza.

Watu barabarani wakageuka kumtazama Jecha. Sauti iliyosikika ni ya Bi Mwanawema, kutoka kiti cha mbele.

"Jamani, huyu hasikii."

Bwana Abrahman akamshika Jecha bega akamgeuza. Jecha alizitazama nyuso, moja baada ya nyingine, mpaka akaufikia uso wa mkewe juu ya gari, umelowa machozi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ni kweli, bwana," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, maana hakuweza kuipima. "Miye kiziwi. Tangu mwaka wa homa. Nifukuze, nishitaki, ni haki yako. Lakini washushe hawa kwanza. Injini imelegea. Ikifika mlimani itamnyang'anya Ngwali gari."

"Mtu hasikii, ataujuaje mlio?" mtu mmoja alisema barazani, na wengine wakaguna.

Lakini Ngwali alikuwa ameshazima. Alishuka, akamtazama Jecha vizuri usoni, akasema polepole ili aonekane: "Nionyeshe."

Wakafungua boneti. Upande wa kushoto, pale injini inapokaa juu ya kitanda chake, tundu la bolti lilikuwa tupu, jeupe kwa kusuguliwa. Upande wa kulia bolti ilikuwepo, nati yake imeshuka mpaka ncha, inangoja kudondoka. Huenda hazikukazwa sawasawa zilikotoka, huenda zililegea kwa misukosuko ya safari; hilo hakuna aliyeweza kulijua. Jecha akamwambia Ngwali arudi kitini, aweke unyayo juu ya pedeli bila kuikanyaga. Akachukua mtaimbo, akaupenyeza chini ya injini iliyozimwa, akaegemea kwa uzito wake.

Injini ikanyanyuka. Aliona mdomo wa kabureta, mlango wa mafuta, ukifunguka wenyewe, na alipoinua macho aliuona uso wa Ngwali nyuma ya kioo. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kijana yule alikuwa akiutazama mguu wake kama vile si wake.

"Mama," alisema Ngwali bila kumtazama Bi Mwanawema, "naomba ushuke."

Walishuka wote. Hakuna aliyepiga kelele. Bi Mwanakhamis alikaa chini pembeni mwa barabara akawa anasoma dua, na wanawake wengine wakashikana mikono. Ilitafutwa bolti Wete nzima haikupatikana ya kufaa, mpaka yule seremala aliyekuwa akinong'onwa akaja mwenyewe, akafungua bolti moja kutoka kwenye bodi aliyoijenga na kuitia mkononi mwa Jecha. Waliomsengenya hawakujua waweke wapi macho yao. Ngwali alikaza, Jecha akashika. Gari lilipowashwa tena, Jecha aliweka kiganja juu ya chuma akangoja. Chuma kilikuwa kimya.

Harusi ilifika Chake imechelewa, watu wa bwana harusi wamenuna, pilau imepoa. Bi Mwanawema ndiye aliyewaeleza, na wakaacha kununa.

Bwana Abrahman hakumrudishia Jecha ufunguo. Alimwita faragha siku ya pili, akamshukuru kwa ajili ya mama yake, kisha hasira yake ikatoka yote pamoja. "Muda wote huu umenibebea watu! Mtoto angelilia mbele ya gurudumu, ungelifanya nini?"  Jecha alilijua swali lile kabla hajaulizwa. Ndilo lililokuwa likimwamsha alfajiri. Alisema tu, "Usinipe tena ufunguo, bwana, hata nikikuomba."

Msimu ule alichuma karafuu kwenye mashamba ya watu. Wapo waliopanda gari lake kwa miaka ambao waliacha kumwamkia kwa muda, na wapo watoto waliomwita kiziwi njiani, naye akiona midomo yao aliwapungia mkono. Baadaye Fundi Mgeni alimfuata nyumbani Limbani. Alikaa mkekani, akanywa kahawa, akahakikisha Jecha anauona mdomo wake.

"Stata ulikuwa ukiila kweli."

"Kweli," alisema Jecha.

"Na miye niliipata stata nikaacha kutafuta. Nina magari mawili yanagonga na sijui wapi. Njoo Chake uyashike."

Akaenda. Alifanya kazi na Fundi Mgeni miaka mingi, wakigombana mara kwa mara kwa sauti kubwa ambayo mmoja wao tu ndiye aliyekuwa akiisikia. Usukani hakuushika tena. Watu walipomuuliza kama haoni uchungu, alikiri kwamba anaitamani njia ya Mkoani asubuhi, pale mikarafuu ina umande na barabara haina mtu.

"Lakini sasa nalala," alikuwa akisema. "Zamani nilikuwa nafumba macho tu."